Mpunga nao una njaa yake



Juma hili safu yetu ya shamba inaongea juu ya mpunga unaokataa kukua. Kila mama mkulima anaujua. Mbegu imeota vizuri, mvua imenyesha, magugu tumepalilia mara mbili, wadudu hawaonekani. Lakini miezi miwili ikipita, mpunga ungali mfupi. Kila shina limesimama peke yake, machipukizi ni machache. Majani ni membamba, yamesimama wima, na rangi yake ni kijani kilichokolea, hata mpita njia anasema: "Shamba hili lina afya." Wakati majirani wanavuna, wewe ungali unangoja. Na siku ya kuvuna ikifika, beseni lililojaa mwaka juzi leo linafika nusu.

Tumezoea kusema kwamba udongo umechoka. Neno hilo ni la kweli, lakini halituambii udongo umechoka kwa kukosa kitu gani. Na hapo ndipo pesa yetu inapopotea. Kikundi kinakusanya likelemba, kinanunua mbolea, kinaimwaga shambani, na mpunga haubadiliki. Basi wengine wanasema mbolea ni ya bandia, wengine wanasema shamba limerogwa. Mara nyingi si hili wala lile. Mpunga ulikuwa na njaa ya kitu kimoja, nasi tukaupa kingine. Ni kama mtoto anayelia njaa, mama akamfunika blanketi. Blanketi ni zuri, lakini halishibishi.

Kitu ambacho mashamba mengi ya mpunga wa nchi kavu yanakosa kinaitwa fosforasi. Leo tuone kazi yake, tuone vile mpunga wenyewe unavyopigana ukiikosa, kisha tuone mahali ambapo mikono yetu inaweza kuusaidia.

FOSFORASI HAITEMBEI

Mmea unakula vitu vitatu kwa wingi kutoka kwa udongo: nitrojeni, fosforasi na potasi. Nitrojeni inajenga majani. Potasi inausaidia mmea kutunza maji na kusimama imara. Fosforasi haionekani kwa macho kama rangi ya majani, lakini bila hiyo hakuna kazi inayoendelea. Nguvu ambayo jani linaipata kwa jua inabebwa kwa fosforasi kwenda kila mahali penye kazi. Kila mzizi mpya, kila chipukizi jipya na kila punje inaihitaji ili ijengwe.

Ndiyo maana dalili zake zinadanganya macho. Mpunga ukikosa nitrojeni, majani ya chini yanakuwa ya manjano na kila mtu anaona. Ukikosa fosforasi, majani yanakuwa madogo lakini kijani chake kinabanana na kukolea. Wakati mwingine majani ya zamani yanapata wekundu au rangi ya zambarau. Dalili kubwa ya kuangalia ni hizi tatu pamoja: mpunga mfupi, machipukizi machache, na kuchelewa kuiva.

Sasa, kwa nini fosforasi inakosekana? Si kwamba haimo kabisa ndani ya udongo. Katika udongo mwekundu wenye asidi, kama ule wa sehemu nyingi za Maniema, Tshopo na milima ya Kivu, kuna chuma na alumini kwa wingi. Vitu hivyo viwili vinaikamata fosforasi na kuifunga. Ni kama nyumba yenye mchele ndani ya sanduku, sanduku limefungwa, na ufunguo hauonekani. Watoto wanalala njaa karibu na chakula.

Tena, fosforasi haitembei. Nitrojeni inayeyuka ndani ya maji na inafuata maji hadi kwenye mzizi. Fosforasi inabaki palepale. Msimu mzima inasogea milimita chache tu. Mzizi ukishamaliza ile iliyo kandokando yake, hakuna nyingine itakayokuja. Ni lazima mzizi wenyewe uende kuitafuta.

Wenzetu wanaolima mpunga wa maji, kama wale wa bonde la Ruzizi upande wa Sange na Luvungi, wana msaada ambao wenye nchi kavu hawana. Maji yakituama shambani, hewa inakwisha ndani ya udongo. Bila hewa, chuma kinabadilika na kuiachilia sehemu ya fosforasi iliyokuwa imeishika. Shamba likikaushwa muda mrefu, chuma kinaishika tena. Kwa hiyo mama wa bondeni anayetunza vizuri matuta yake ili maji yasitoroke, anaulisha mpunga hata kabla ya kununua mbolea.

VILE MPUNGA UNAVYOPIGANA

Mpunga hauwezi kuhama kama sisi. Mahali ulipopandwa ndipo utakapoishi au kufa. Kwa hiyo unapoikosa fosforasi, una njia zake za kujitetea, na wataalamu wamezichunguza kwa miaka mingi.

Njia ya kwanza ni kubana matumizi. Jani la zamani, lile la chini, linatoa fosforasi yake na kuipeleka kwa jani changa lililo juu. Hata mafuta yanayojenga kuta za chembe zake, ambayo kwa kawaida yana fosforasi, mpunga unayapunguza na kuweka mafuta mengine yasiyo nayo. Mama aliyepitisha watoto wake katika miezi ya njaa hahitaji kuelezwa jambo hili: mkubwa anapunguza sahani yake ili mdogo ale.

Njia ya pili ni mizizi. Mpunga wenye njaa unapunguza kukua kwa majani na unapeleka chakula chini. Mizizi ya kando inaongezeka. Juu ya mizizi hiyo, vinyweleo vidogo vinarefuka na kuwa vingi, vyembamba kuliko uzi wa kushonea. Mpunga wenye mizizi mingi karibu na uso wa ardhi unapata faida zaidi, kwa sababu fosforasi nyingi iko juu, pale ambapo majani yanaoza na majivu yanaanguka. Kumbukeni jambo hili, tutalirudia: mvua ikiondoa ile ngozi ya juu ya shamba, imeondoa sahani ya mpunga.

Njia ya tatu ni kutafuta ufunguo wa lile sanduku. Mizizi inatoa nje majimaji yenye asidi, ambayo yanailegeza fosforasi iliyofungwa. Inatoa pia vimeng'enya vinavyoitoa fosforasi ndani ya mabaki ya mimea yaliyooza. Kwa hiyo udongo wenye majani yaliyooza unaupa mpunga kazi ya kufanya. Udongo mtupu hauna cha kufunguliwa.

Njia ya nne ni kuita wasaidizi, na hii ndiyo inashangaza zaidi. Ndani ya udongo kuna kuvu, ndugu za uyoga, zenye nyuzi nyembamba sana. Nyuzi hizo zinaingia ndani ya mzizi wa mpunga na kutoka nje tena, zinafika mbali kuliko vinyweleo vya mzizi. Zinaleta fosforasi, mpunga nao unazilipa sukari na mafuta. Ni biashara ya haki, kila mmoja anapata kitu.

Mpunga unaziitaje? Unatoa ndani ya udongo kitu kinachoitwa strigolaktoni. Ukiwa na njaa ya fosforasi, unakitoa kwa wingi. Mwaka 2008 watafiti wa Japani na wa Ufaransa walionyesha kwamba kitu hichohicho, ndani ya mmea, ndicho kinachozuia machipukizi mapya. Basi machipukizi machache tunayoyaona si uvivu wa mpunga. Ni uamuzi wake: chakula ni kidogo, nisizae watoto ambao sitaweza kuwalea, wakati huohuo nipige kelele chini ya ardhi niitiwe msaada.

Lakini kelele hiyo inasikiwa pia na adui. Kuna gugu la striga, lile ambalo ndugu zetu wa Tanzania wanaliita kiduha. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi na zinalala ndani ya udongo miaka mingi. Zikisikia strigolaktoni zinaamka, zinajishika kwa mzizi wa mpunga, wa mahindi au wa mtama, na kunyonya. Sasa mnaelewa kwa nini gugu hilo linapenda mashamba yaliyochoka. Mmea wenye njaa unaliamsha wenyewe. Kuling'oa kabla halijatoa maua ni lazima, lakini kuulisha udongo ni sehemu ya vita hiyohiyo.

MBEGU YA BIBI

Si kila mpunga unapigana kwa nguvu sawa. Hapa kuna habari ambayo kila mama anayetunza mbegu anapaswa kuijua.

Huko India kuna mpunga wa zamani unaoitwa Kasalath. Si mpunga wa sifa nyingi, si ule unaouzwa kwa maduka makubwa. Lakini katika udongo unaokosa fosforasi, unasimama wakati mipunga ya kisasa inaanguka. Mwaka 1998 mtaalamu Matthias Wissuwa na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Japani, walionyesha sehemu ya urithi wa Kasalath inayobeba nguvu hiyo. Ilichukua miaka mingine 14 kuipata chembe yenyewe ya urithi. Mwaka 2012 kikundi cha Rico Gamuyao na Sigrid Heuer, cha taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino, kilitangaza kwamba wameipata, wakaiita PSTOL1. Kazi yake ni kuufanya mpunga ukuze mizizi mingi mapema, tangu udogo. Mwenye mizizi mingi mapema ndiye anayefika kwanza kwenye chakula.

Jambo la kutufundisha ni hili: chembe hiyo haimo ndani ya Nipponbare, mpunga wa Japani ambao wataalamu walikuwa wameusoma kuliko mwingine wote na kuufanya kipimo. Mipunga mingi ya kisasa nayo haina. Mipunga hiyo ilichaguliwa katika mashamba yenye mbolea ya kutosha, na pale hakuna aliyeona kwamba kitu fulani kinakosekana. Ni njaa tu inayoonyesha nani anajua kutafuta.

Afrika nayo ina mpunga wake wa asili, tofauti na ule wa Asia. Watu wa Afrika ya Magharibi, katika eneo la mto Niger, waliufuga miaka elfu nyingi iliyopita. Watafiti wameona kwamba mpunga huo wa Afrika nao una aina yake ya PSTOL1. Ni mpunga huohuo ambao mtaalamu wa Sierra Leone, Monty Jones, na wenzake waliuchanganya na wa Asia katika miaka ya 1990 wakapata mipunga ya NERICA. Kwa kazi hiyo Jones alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2004.

Kwa hiyo, mama, mbegu mpya ikija, ipokee na ujaribu. Lakini usiimwage ile uliyopewa na bibi yako kwa sababu tu inaitwa ya zamani. Weka kopo moja, uipande kila mwaka katika kipande kidogo ili isife. Huenda bibi alikuwa akichagua kila mwaka masuke ya shina lililosimama vizuri pale udongo ulipokuwa mbaya, naye hakuhitaji jina la PSTOL1 kufanya hivyo.

MALI BILA DAFTARI

Sasa tuseme neno gumu. Mbegu shujaa haitengenezi fosforasi. Inaitafuta tu. Nitrojeni inaweza kurudishwa kutoka hewani na maharagwe, karanga na soya. Fosforasi haimo hewani. Iliyoondoka shambani haitarudi mpaka mtu airudishe.

Na inaondoka. Mpunga wa tani moja, yaani magunia 20 ya kilo 50, unatoa udongoni fosforasi ya kilo 2 hadi 3. Sehemu kubwa, kama theluthi mbili, iko ndani ya punje. Theluthi inayobaki iko ndani ya majani makavu. Gunia likipanda pikipiki kwenda mjini, fosforasi ya shamba lako imepanda pia. Mbegu yenye nguvu ya kutafuta, katika shamba ambalo hatulirudishii kitu, ni kama mwanachama anayejua sana kutoa pesa katika likelemba lakini hatii. Siku moja sanduku linabaki na daftari tu. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Udongo nao ni mali.

Tuangalie Maniema. Mpunga ulifika kule katika miaka ya 1800 pamoja na wafanyabiashara waliotoka Pwani na kukaa Nyangwe na Kasongo, nao ukawa chakula cha nchi. Sehemu kubwa unalimwa nchi kavu: msitu unafyekwa, unachomwa, majivu yanaulisha mpunga mwaka wa kwanza. Miti ilikuwa imekusanya fosforasi ya miaka mingi, na moto unaitoa yote siku moja. Mwaka wa kwanza tunacheka. Mwaka unaofuata mavuno yanashuka, na upesi shamba linaachiwa muhogo, kisha vichaka. Watu walipokuwa wachache na msitu mwingi, shamba lilipumzika muda mrefu na miti ikakusanya tena. Leo mapumziko yamekuwa mafupi. Kila mara tunafyeka mbali zaidi.

Na nani anatembea umbali huo? Ni mama, mtoto mgongoni, jembe kichwani. Ni binti anayekaa shambani kufukuza ndege wakati wenzake wako masomoni. Kilomita zinazoongezeka kila mwaka kati ya nyumba na shamba ni gharama ya fosforasi, hata kama hakuna anayeiandika. Kwa hiyo kulirudishia uhai shamba lililo karibu ni jambo la mwili wa mama na la masomo ya mtoto.

MIKONO YETU IFANYE NINI

Kwanza, jueni kusoma gunia la mbolea. Kwenye gunia kuna namba tatu. Ya kwanza ni nitrojeni, ya katikati ni fosforasi, ya tatu ni potasi. Urea ni 46-0-0: katikati kuna sifuri, haina fosforasi hata kidogo. DAP ni 18-46-0. NPK ya 17-17-17 ina zote tatu. Kama shamba linakosa fosforasi, namba ya katikati ndiyo ya kuangalia. Muuzaji akiwaambia kwamba mbolea zote ni sawa, mwonyesheni namba ya katikati. Gunia moja la DAP la kilo 50 lina fosforasi halisi ya kama kilo 10. Ni kama ile inayotolewa udongoni na magunia 80 ya mpunga. Lakini udongo mwekundu utakamata sehemu kubwa ya hiyo, kwa hiyo msiitawanye ovyo juu ya shamba lote. Iwekeni karibu na mbegu, kando kidogo, mkiifunika na udongo, ili mzizi uifikie kabla chuma hakijaifunga.

Pili, jaribuni kabla ya kutoa pesa nyingi. Kikundi kichague shamba moja na kupima vipande vitatu, kila kimoja mita 5 kwa mita 5. Cha kwanza kisipewe kitu. Cha pili kipewe gramu 250 za urea. Cha tatu kipewe gramu 250 za DAP. Mbegu iwe moja, siku ya kupanda iwe moja, palizi iwe moja. Majuma sita yakipita, hesabuni machipukizi ya mashina kumi katika kila kipande. DAP ina nitrojeni ndogo kuliko urea. Basi kama kipande cha DAP kinashinda wazi kile cha urea, jibu mmelipata: shamba lina njaa ya fosforasi. Kama urea inashinda, njaa ni ya nitrojeni. Robo kilo ya kujaribia ni bei ndogo kuliko magunia yasiyofaa.

Tatu, rudisheni kilichotoka. Mpunga ukikobolewa, fosforasi nyingi ya punje inabaki ndani ya pumba laini, ile ngozi inayotoka juu ya mchele. Makapi magumu ya nje hayana nyingi. Tukiiacha pumba mashineni, au tukiiuza yote mjini, tumetoa zawadi kwa mashamba ya wengine. Pumba ikirudi nyumbani ikawa chakula cha kuku au nguruwe, sehemu kubwa ya fosforasi yake inapita tumboni na kutoka ndani ya samadi. Kuku hasa hawezi kuisaga vizuri fosforasi ya pumba, kwa hiyo samadi yake ni tajiri. Kusanyeni samadi hiyo chini ya kivuli, ichanganyeni na majani, funikeni mvua isiioshe, na ikiiva ipelekeni kwenye mistari ya mpunga.

Majani makavu ya mpunga nayo yabaki shambani. Majivu ya jikoni yana fosforasi kidogo, tena yanapunguza asidi ya udongo. Hata beseni moja kwa juma ni kitu. Mifupa iliyochomwa mpaka ikawa myeupe, kisha ikatwangwa kuwa unga, ina fosforasi nyingi, na udongo wenye asidi unaiyeyusha polepole.

Kuna pia ile alizeti pori yenye maua ya manjano, ambayo wengi wetu wa Kivu tunaiona kandokando ya njia. Wataalamu wanaiita tithonia, na Kenya ya Magharibi wameichunguza sana. Majani yake mabichi yakikatwa na kufukiwa udongoni yanaoza haraka na kuachilia chakula. Lakini tuelewane: nayo haiumbi fosforasi. Inaichukua ukingoni mwa njia na kuileta shambani. Ni kazi ya kubeba, na wanaobeba ni sisi. Basi ipandeni ukingoni mwa shamba, isiwe mbali.

Nne, lindeni ile ngozi ya juu. Kwenye mteremko, limeni kwa kukata mteremko, si kuufuata kushuka. Wekeni mistari ya majani inayozuia maji. Msichimbue udongo kupita lazima, kwa sababu jembe linakata zile nyuzi za kuvu wasaidizi.

Tano, kwa wenye mpunga wa kupandikiza, kuna ufundi uliojaribiwa katika mashamba ya wakulima wa Madagaska. Kabla ya kupandikiza, wanachanganya mbolea kidogo ya fosforasi tupu, ile inayoitwa TSP, pamoja na tope la shamba, na kuchovya mizizi ya miche ndani yake kwa kama nusu saa. Mche unaondoka na tope lenye chakula kwenye mizizi yake. Kwa njia hiyo mbolea kidogo inafanya kazi kubwa, na mpunga unaiva mapema zaidi. Lakini mbolea ikizidi au miche ikikaa sana, mizizi inaungua. Anayetaka kujaribu aanze na miche michache, na amwombe mtaalamu wa kilimo wa eneo lake awe karibu siku hiyo.

Wamama wapenzi, mpunga wenyewe umeshafanya kazi yake. Umebana matumizi, umenyoosha mizizi, umefungua sanduku kidogo, umeita wasaidizi. Hauwezi kufanya jambo moja tu: kurudisha kile kilichopanda pikipiki kwenda sokoni. Hilo limebaki kwetu.

Katika mkutano wa kikundi chenu juma hili, ulizaneni maswali matatu na muandike majibu ndani ya daftari. Pumba ya mpunga wetu inakwenda wapi? Mbolea tuliyonunua mara ya mwisho, namba yake ya katikati ni ngapi? Nani kati yetu angali na mbegu ya zamani, na ameiweka wapi? Kikundi kitakachopima vile vipande vitatu kituletee hesabu ya machipukizi yake, tuichapishe hapa ili wengine wajifunze.

Juma lijalo tutaongea juu ya samadi ya kuku: vile ya kuitunza wakati wa mvua bila kuleta nzi nyumbani. Tubaki salama, na jembe lisipate kutu.